Gari limeshuka bei, spea hazijashuka

Januari ikifika, matangazo huanza kumiminika. Wale waliokuja nyumbani Krismasi na ndai zinazong'aa, wakaziegesha mbele ya vilabu vya Kitale na Bungoma hadi alfajiri, sasa wanadaiwa karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sako. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook zinatokea picha: Mercedes C200 nyeusi, BMW 320i nyeupe, Audi A4 ya kijivu yenye viti vya ngozi. Bei ni milioni moja na kitu, na inajadilika. "Haina stori, bosi. Ni kuingia na kuwasha."

Kijana mwenye duka la simu Kitale, au anayenunua viazi na vitunguu soko la Chwele akavisafirisha Nairobi, anaitazama hiyo bei mara mbili. Kisha anatazama bei ya Toyota Axio yenye umri huohuo, anakuta zinakaribiana. Anajiuliza: kwa nini ninunue gari la mwalimu mkuu wakati pesa zilezile zinanitosha kununua la mheshimiwa?

Ni swali la haki, na linastahili jibu zaidi ya lile la wazee la "kijana, wewe nunua tu Toyota." Tunalijibu hapa kwa sababu kila mwaka tunaona linajibiwa kwa njia mbaya: shamba la nusu ekari linauzwa, gari linanunuliwa, na baada ya miezi minane liko uani limeinuliwa juu ya mawe, kuku wanataga chini yake.

Rai yetu ni hii. Kama huwezi kulipia gari hilo na bado ukabaki na angalau robo ya bei yake benki, pesa ambazo hazina kazi nyingine ila gari hilo, basi bado hujaliweza. Kulipa bei ya muuzaji ni sehemu tu ya kulinunua. Tutaeleza hiyo robo tumeitoa wapi.

Kwanza, hebu tuelewe kwa nini sedani za kifahari zenye mbio hushuka bei haraka kuliko Toyota. Wengi hudhani ni bahati yao kukutana na muuzaji mwenye shida. Ukweli ni kwamba soko lilishapiga hesabu kabla yako. Aliyelinunua likiwa jipya alilitumia miaka ambayo haliharibiki, tena likiwa chini ya dhamana ya kampuni. Wa pili aliona umri wa matengenezo unakaribia, akaliachilia. Wewe ni wa tatu au wa nne, na punguzo unaloliona kwenye tangazo ni ile bili ambayo wenzako wameikwepa.

Spea nazo hazijui kwamba gari limepita mikono mitatu. Taa ya mbele ya gari lililouzwa shilingi milioni saba likiwa jipya bado ni taa ya gari la milioni saba. Giaboksi yake ni ileile, kompyuta zake ni zilezile, na kiwanda hakijawahi kumpunguzia mtu bei ya pampu kwa sababu anakaa Kiminini. Gari linaweza kupoteza robo tatu ya thamani yake huku bei ya vipuri vyake ikibaki palepale au ikipanda, maana spea nazo hulipiwa ushuru bandarini na hununuliwa kwa dola.

Tukitaja ushuru, ni vyema ujue ni kiasi gani cha bei kilichokwenda kwa serikali. Kwa viwango vilivyokuwepo baada ya sheria za kodi kubadilishwa mwishoni mwa 2024, chukua gari la petroli lenye injini ya lita 2.0 ambalo KRA imelikadiria thamani ya forodha ya Sh1,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao ni Sh337,500. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya yote hayo: Sh270,000. Ongeza ada ya IDF ya asilimia 2.5 na ada ya reli ya asilimia 2. Jumla ya kodi ni Sh1,002,500. Yaani unalinunua gari mara mbili kabla halijatoka Mombasa, na bado lina zaidi ya kilomita 800 za kufika Kitale. Ikiwa injini ya petroli inazidi lita 3.0, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35, na wale wanaoota C63 wanapaswa kuanzia hapo.

Ndiyo sababu vijana wengi hawaagizi, wananunua gari ambalo tayari liko nchini. Tena kuna sheria ya miaka minane: gari lililozidi umri huo tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya. Mwaka 2025, kwa mfano, mwisho ulikuwa lililosajiliwa 2018. Kwa hivyo ukiona C-Class ya 2010 au BMW ya 2012 inauzwa Kanduyi, ujue imeshakula barabara zetu miaka mingi. Imepita matuta yetu na imeoshwa injini kwa mashine ya presha pale kando ya mto. Pengine pia imetiwa oili yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo.

Hiyo oili ndiyo huanzisha matatizo. Magari haya yalitengenezwa na watu waliodhani mwenye gari ataheshimu kijitabu. Toyota ya zamani itakusamehe ukichelewa sevisi kilomita elfu tano, lakini injini ya Kijerumani yenye turbo inaweka kumbukumbu ya kila kosa na kukudai baadaye.

Mfano ni C-Class ya muundo wa W204, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014. Injini yake ya lita 1.8, ile mafundi wanayoiita M271, inajulikana kwa cheni ya taimingi inayorefuka na gia za kamshafti zinazolika meno. Dalili yake ni mlio kama wa njuga kwa sekunde chache unapowasha injini ikiwa baridi. Ikishapata moto, inanyamaza. Basi muuzaji mjanja atalipasha moto kabla hujafika, halafu akupokee kwa soda. Ukifika, gusa boneti kabla hujamsalimia. Kama ni ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na kwamba usiwashiwe gari kabla hujaingia mlangoni.

BMW 320i na 328i za muundo wa F30 zenye injini ya N20, hasa za kuanzia 2012 hadi mwanzo wa 2015, zina ugonjwa unaofanana na huo: reli za plastiki zinazoongoza cheni huchakaa na kuvunjika. Cheni ikiruka, valvu na pistoni hugongana, na hapo hutengenezi tena, unatafuta injini nyingine. Mfumo wa kupoza injini wa BMW nyingi nao una mabomba na vifuniko vya plastiki ambavyo hupasuka vikizeeka. Maji yakivuja taratibu huoni tone chini, unaona tu mshale wa joto umepanda ukiwa katikati ya Webuye na Misikhu, na ukijifanya sugu ukafika nyumbani, umeua gasketi ya kichwa cha injini.

Audi A4 za lita 2.0 za turbo za miaka ile ya 2009 hadi 2011 hivi zinajulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Haivuji popote, haitoi moshi wa kutisha, inakunywa tu. Mwenye gari asiyepima oili hugundua siku injini inapogonga.

Kisha kuna vitu vidogo vinavyoudhi. BMW nyingi za kisasa hazina kijiti cha kupimia oili, unasoma kiwango kwenye skrini, na kihisi kikiharibika umekuwa kipofu. Ukibadilisha betri, lazima iandikishwe kwenye kompyuta ya gari ili ichajiwe ipasavyo. Fundi asiyejua atafunga mpya, atakutoza, na betri hiyo itakufa kabla ya wakati wake. Giaboksi ya gia nane ya ZF, ambayo BMW hutumia, huuzwa na hadithi kwamba mafuta yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari lako la mkono wa nne limeshapita hapo, na hakuna aliyeyabadilisha. Uliza, utaona muuzaji anavyokuangalia.

Sasa tuje kwa barabara zetu. Tairi ya nyuma ya BMW ya michezo yenye namba 255/35 ina ubavu usiofika sentimita 9. Tairi ya Prado yenye 265/65 ina zaidi ya sentimita 17. Hiyo tofauti ndiyo inayosimama kati ya rimu yako na shimo. Pita barabara ya Webuye kwenda Kitale usiku wa mvua, kwa Misikhu, Kamukuywa hadi Kiminini, uone matuta yanavyojitokeza bila alama. Msimu wa miwa, trekta zimeacha matope barabarani. Msimu wa mahindi, malori yamebeba kupita kiasi na lami imebonyea mistari miwili. Mbio zako za sedani zinaishia hapo, na kinachofuata ni bushi, shoki na sehemu ya chini ya injini panapokaa oili. Tangu Julai 2024 tunalipa Sh25 za ada ya barabara kwa kila lita ya mafuta, kutoka Sh18. Gari linalokunywa sana linachangia sana, na lenyewe ndilo linaloumia zaidi kwenye mashimo hayohayo. Hilo ni deni la serikali kwetu, tutalidai siku nyingine.

Tena BMW nyingi za aina hii hazina tairi la akiba. Zilikuja na tairi ngumu zinazoweza kutembea zikiwa hazina upepo, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ulaya hizo zinakutosha kufika gereji. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kama kilomita 70. Utafika, ukiwa umeshika roho mkononi. Lakini ikipasuka ukirudi kutoka Lodwar, utalala Kainuk. Na wenye magari wengi hapa walishabadilisha zile tairi ngumu wakaweka za kawaida kwa sababu ya bei, bila kununua la akiba. Fungua buti uangalie kabla ya kulipa.

Umbali ndio gharama ambayo vijana wa Kitale na Bungoma husahau zaidi, kwa sababu ushauri mwingi wa magari mtandaoni hutoka Nairobi. Msee wa Nairobi akiharibikiwa ana Grogan, ile barabara ya Kirinyaga iliyojaa maduka ya spea, na ana fundi wa BMW mtaa wa pili anayeshindana na fundi mwingine wa BMW. Wewe una mafundi hodari sana wa jua kali, na hatusemi hilo kwa kejeli: wapo watu Kitale wanaoweza kufungua injini ya lori usiku kwa tochi ya simu na kulirudisha barabarani asubuhi. Ila gari hili linaongea lugha ya kompyuta. Mashine ya bei rahisi ya kusoma kasoro itamwonyesha fundi namba ya kosa, isimwambie kama kilichokufa ni kihisi, ni waya uliotafunwa na panya, au ni pampu yenyewe. Hapo ndipo mchezo wa kubahatisha huanza. Anabadilisha kihisi, taa inawaka tena. Anabadilisha koili, taa inawaka tena. Kila jaribio ni pesa zako, kila spea inapakiwa kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, na ikifika unaambiwa siyo hiyo, ni ya muundo mwingine. Mwisho unalikodishia gari lenye kitanda lipelekwe Eldoret au Nairobi, na nauli ya kubebwa peke yake inamaliza pesa za mwezi.

Hebu tuipime kwa kipimo cha nyumbani. Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 ni Sh3,500, na tuseme bili ya cheni, vifaa vyake na kazi ya fundi imekuja Sh140,000. Hayo ni magunia 40. Kwa shamba linalotoa magunia 20 kwa ekari, umelisha gari mavuno ya ekari mbili, kabla hujatoa mbolea, mbegu na trekta ya kulima. Sasa mwambie mama aliyepalilia.

Na mara nyingi ni mama kweli, au kaka, au mke. Hili ndilo linalotufanya tuandike. Gari likikwama, anayeumia ni zaidi ya mwenye funguo. Mtaji wa duka unachotwa kidogo kidogo: elfu kumi ya tairi, elfu ishirini ya kihisi, "nitarudisha wiki ijayo". Wadhamini wa mkopo wa sako wanaanza kukatwa akiba zao. Karo ya mdogo wako anayesoma Kibabii inachelewa. Gari lenyewe huwezi kuliuza kwa sababu limekufa, na gari la Kijerumani lililokufa hununuliwa kwa bei ya vyuma. Mwenye Axio iliyokufa atapata mteja jioni hiyohiyo.

Kuna wanaojitetea kwamba gari litajilipa lenyewe. Litakodishwa harusi, litabeba wageni wa Agosti ya mwaka shufwa wakati Babukusu wanapotahirisha vijana wao, na wanasiasa nao watalitaka msimu wa kampeni. Inawezekana, mara chache. Lakini soma karatasi yako ya bima. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haikubali gari kukodishwa kwa malipo. Ukigonga na bibi harusi ndani, kampuni itauliza swali moja tu, na jibu lake utalilipa wewe. Bima kubwa yenyewe huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kampuni nyingi hukataa kuitoa gari likishazeeka, kwa hivyo C-Class ya 2008 huenda ikakubaliwa bima ya wahusika wengine pekee. Likiibwa au likiteketea, hasara ni yako mzima mzima.

Kwa hivyo ile robo. Tuseme umepata BMW ya Sh1,200,000. Robo ni Sh300,000. Sehemu yake kubwa itakwisha miezi mitatu ya kwanza, hata kama muuzaji alikuwa mwaminifu: mafuta ya injini ya aina iliyoandikwa kwenye kijitabu, mafuta ya giaboksi na chujio lake, plagi, maji sahihi ya rejeta, pedi na diski za breki, tairi nne za saizi sahihi, bima, na kuhamisha umiliki NTSA. Kinachobaki ndicho cha kukuokoa siku taa ya injini ikiwaka. Baada ya hapo weka akiba kila mwezi kama unavyolipa kodi ya nyumba. Kama mapato yako hayawezi kutenga Sh15,000 kwa mwezi kwa gari pekee, kando na petroli, basi mapato yako yanasema kitu, yasikilize. Petroli nayo ihesabu: kwenda Bungoma na kurudi Kitale kupitia Webuye ni kama kilomita 160. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, na tuseme lita ni Sh185, umetumia karibu Sh3,000 kwa safari moja ya kuonana na marafiki.

Namba hizi zisikufunge. Fanya zako. Kabla ya kuliona gari, andika vipuri kumi ambavyo aina hiyo inajulikana kuviua, kisha pigia maduka matatu simu uulize bei ya kipya halisi, cha kuiga, na cha mtumba kutoka Japani au Uingereza. Jioni moja inatosha. Ukimaliza simu ya saba hivi, utajua kama bado unalitaka.

Kama bado unalitaka, kuna njia za kupunguza hatari. Tafuta rekodi ya NTSA kupitia eCitizen kwa namba ya gari, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki inayolishikilia. Usilipe hata shilingi kabla jina kwenye logibuku, kitambulisho na sura ya mtu havijalingana. Lililotoka Japani kupitia mnada lilikuwa na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake. Alama ya R humaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Mwenye gari aliyeiweka karatasi hiyo anakupa habari nzuri kuhusu gari na kuhusu yeye mwenyewe. Lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi: historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka, MOT, iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, ukiwa na namba yake ya kule. Utaona kilomita zake mwaka kwa mwaka na kasoro alizoambiwa mwenyewe. Kama lilikuwa na maili 96,000 mwaka 2018 na dashibodi ya Bungoma inasema kilomita 82,000, huna haja ya kuuliza zaidi. Angalia na kutu chini yake, maana Waingereza hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa baridi.

Mlipe fundi aliyebobea aje na mashine yake, hata ikibidi umtoe Eldoret na kumlisha chakula cha mchana. Usimtumie fundi wa muuzaji, wala binamu yake. Fundi huyo akisema hapana, umelipa elfu chache kuokoa laki kadhaa. Vijana wengi huona aibu kumrudisha muuzaji baada ya kuonja usukani. Hiyo aibu ndiyo imejaza nyua za watu magari yaliyokufa.

Na kuna njia ya katikati. Wanaotaka sedani yenye nguvu, inayokaa chini na kugeuza vichwa mjini, wamekuwa wakinunua Toyota Mark X, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2019. Nayo si malaika. Injini ya V6 ya lita 2.5 inakunywa, bima haimpendi kijana, na idadi ya Mark X zilizosagwa barabarani nchini inatosha kumtuliza mtu yeyote mguu wa kulia. Lakini ikikwama Kimilili, fundi wa kwanza utakayempata ameshawahi kuifungua, na spea yake ya mtumba huenda iko palepale mjini. Ukipenda raha bila kuomba msaada wa Nairobi, huo ni ununuzi wenye akili, ingawa wale wa mbogi ya Benz watakucheka kidogo.

Hatuna ugomvi na raha. Kijana aliyeamka saa kumi alfajiri miaka mitano kupakia kabeji ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi na kusikia injini ikinguruma. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kila mwenye gari alipe kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia Sh5,000 hadi Sh100,000, vijana ndio waliokuwa mstari wa mbele kuikataa, na pendekezo likaondolewa hata kabla ya mswada wote kutupwa. Tulipiga kelele kwa sababu ya asilimia 2.5. Kinachoshangaza ni kwamba mtu yuleyule anaweza kujitoza mwenyewe asilimia 25 au zaidi kwa mwaka, kwa hiari, bila kupiga hesabu hata nyuma ya risiti.

Tungependa pia kuona jambo moja likitoka upande wa pili wa boneti. Magari haya hayaendi popote. Yanazidi kuja na yanazidi kuzeeka, na kila moja litahitaji mtu wa kulisoma. Kitale National Polytechnic na Sang'alo kule Bungoma zinafundisha umekanika. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hutoa basari kila mwaka. Mashine halisi za kusoma magari ya Kijerumani, na muhula mmoja wa kufundisha umeme wa magari kwa kina, vingegharimu kidogo ukilinganisha na yale magari makubwa yanayonunuliwa kwa ajili ya maafisa. Kwa sasa kijana wa Kiminini analipa nauli ya gari lenye kitanda hadi Eldoret ili mtu wa rika lake achomeke waya chini ya usukani kwa dakika kumi. Mwenye BMW analia gharama, na aliyesoma umekanika anazunguka mjini akitafuta kibarua. Pengine mwenye laki tatu za kuchezea angefanya vyema kununua mashine hiyo kwanza, ajifunze kuitumia, awatoze wenzake waliokimbilia Benz, na BMW aje ainunue Januari nyingine, wakati huo akijua inaumwa nini kabla muuzaji hajafungua mdomo.